Bila sisi, kanuni ingebadilika lini? Kupima mchango wa utafiti wa kilimo katika sera

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, kitengo cha uchumi na tathmini. Kwa miaka mitano tumetafiti masoko ya mbegu za wakulima wadogo, tumechapisha, tumeitisha warsha, tumepeleka muhtasari wa sera wizarani. Mwaka jana kanuni moja ilirekebishwa, na marekebisho yanafanana sana na tulichopendekeza. Mfadhili anataka ripoti ya athari, na bosi wangu anataka niandike kwamba utafiti wetu ndio uliobadilisha kanuni. Lakini shirika jingine tulilokuwa tukikaa nalo kwenye warsha zilezile limeshaandika hivyohivyo kwenye ripoti yake. Nitapimaje mchango wetu bila kusema uongo na bila kujipunja? Mkurugenzi aliyesimamia marekebisho ameshastaafu. (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Nianze na lile shirika jingine, maana nahisi ndilo linalokukosesha usingizi. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na wenzako wameshavuta. Usikimbilie kuwaita waongo. Kanuni ya serikali ina wazazi wengi: yupo aliyelalamika wa kwanza, yupo aliyeleta takwimu, yupo mwanasheria aliyekesha na rasimu, yupo waziri mpya aliyetafuta jambo la kuanzia, na yupo mkulima aliyepaza sauti mbele ya kamera siku ya Nanenane. Inawezekana kabisa mlichangia nyote wawili, na bado ripoti zenu zote mbili zikawa za uongo kwa sababu ya neno moja dogo: "ndio". Liondoe hilo kwanza.

Badala ya swali la bosi wako, jiulize hili: bila sisi, kanuni ingebadilika lini, na ingekuwa na sura gani? Majibu yake ni ya aina tatu. Pengine isingebadilika kabisa. Pengine ingebadilika, ila miaka kadhaa baadaye. Au ingebadilika wakati uleule, lakini ikiwa na kifungu kibaya ambacho takwimu zenu zilikizuia. Katika tathmini nilizoshiriki, jibu la pili ndilo nililolikuta mara nyingi, la tatu mara chache, na la kwanza sikumbuki kulikuta hata mara moja, ingawa ndilo linaloandikwa kwenye karibu kila ripoti ya mradi.

Nikupe kisa kimoja kwa kirefu. Ni cha hapa jirani, na kimepimwa vizuri kuliko visa vingi vya utafiti wa kilimo ninavyovijua barani kwetu: maziwa ya Kenya.

Kwa miongo mingi maziwa ya mijini kule yalikuwa mikononi mwa KCC, kampuni ya ushirika iliyoanzishwa mwaka 1925. Mwaka 1992 soko likafunguliwa. KCC ikaanza kuyumba, ikachelewesha malipo, na wakulima wakawageukia watu waliolipa taslimu: wachuuzi wa baiskeli wenye madumu ya plastiki, vibanda vya maziwa, madalali wa kijijini. Ikafika mahali zaidi ya asilimia 80 ya maziwa yote yaliyouzwa yalipita kwao. Sheria, hata hivyo, ilikuwa ileile ya tangu 1958, Sura ya 336, iliyoandikwa kwa kumfikiria mwenye kiwanda. Mchuuzi wa maziwa mabichi mjini hakuwa na nafasi ndani yake. Alikamatwa, maziwa yakamwagwa mtaroni, au alitoa kitu kidogo akapita.

Mwaka 1997 ukaanza mradi wa utafiti uliojulikana kwa kifupi kama SDP, wa wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa. Uliongozwa na wizara yenye dhamana ya mifugo, pamoja na KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, kwa fedha za Uingereza, na ulidumu hadi 2005. Zingatia hapo kwamba wizara ilikuwa ndani ya mradi tangu mwanzo. Watafiti hawakuanza na sera. Walianza kwa kuhesabu: nani anafuga, anamuuzia nani, kwa bei gani, na ajira ngapi zinatokana na lita mia. Wakapima maziwa yenyewe: vijidudu, mabaki ya dawa, maji yaliyoongezwa. Wakaingia majumbani kuuliza watu huyafanyia nini maziwa wakishayanunua.

Karibu kila nyumba ilikuwa inayachemsha. Jambo hilo mama yeyote wa Kawangware, mtaa wa Nairobi, angekueleza bure huku akipuliza moto. Lakini halikuwepo kwenye karatasi yoyote mbele ya mtu mwenye mamlaka, na hoja nzima ya kumkamata mchuuzi ilikaa juu ya dhana kwamba maziwa yakinunuliwa mabichi yatanywewa mabichi. Mabaki ya dawa za mifugo nayo yalionekana, na hayo hayaondoki kwa kuchemsha. Ila yanaanzia zizini, kwa hiyo kumwaga dumu la mchuuzi barabarani hakuyatibu hata kidogo.

Utafiti ule ungeweza kuishia kabatini. Desemba 2002 Wakenya walikiondoa chama cha KANU madarakani baada ya karibu miaka 40, na serikali mpya ikaingia na ahadi ya ajira 500,000 kila mwaka. Serikali yenye ahadi ya aina hiyo haiwezi kuwafukuza barabarani maelfu ya watu waliojiajiri bila mtu kuiuliza. Mwaka 2003 ikazuka kampeni ya maziwa salama, ikiungwa mkono na wasindikaji wakubwa, iliyowaonya wananchi dhidi ya maziwa ya kupimiwa. Mashirika ya kiraia yakaja juu, yakazichukua takwimu za SDP na kuzitembeza. Watafiti nao walilazimika kuamua kama wanaingia uwanjani au wanabaki jukwaani, na waliingia. Aprili 2004 likaitishwa jukwaa kubwa la sera ya maziwa. Septemba mwaka huo Bodi ya Maziwa ikabadili mwenendo: mchuuzi anayetimiza masharti ya usafi, akapata mafunzo na kutumia vyombo vinavyofaa, atapewa leseni badala ya pingu.

Na sheria? Haikuguswa. Sura ya 336 ilibaki vilevile kwenye vitabu. Kilichobadilika ni jinsi wakaguzi walivyofanya kazi. Tathmini ambayo kigezo chake ni "sheria mpya imepitishwa" ingekipa kisa hiki sifuri, wakati barabarani mambo yalikuwa yamegeuka. Kinyume chake nimekiona mara nyingi zaidi: kanuni nzuri imetangazwa, ripoti zimeandikwa, na mkaguzi wa wilayani anaendelea kutumia nakala ya zamani kwa sababu mpya hajawahi kutumiwa. Kwa hiyo, kabla hujauliza nani alibadilisha kanuni yenu, hakikisha imebadilika kweli. Nitalirudia hilo.

Mabadiliko yale ya Kenya yalipimwa mara mbili, kwa njia mbili tofauti. Mara ya kwanza ilikuwa mradi unapofungwa, kazi ya ODI, taasisi ya utafiti wa maendeleo ya London, pamoja na wahusika wenyewe. Waliwakalisha watu kwenye chumba kimoja wachore ukutani mtiririko wa miaka: juu miaka, pembeni wahusika mmoja mmoja (bodi, wizara, wasindikaji, wachuuzi, mashirika ya kiraia, watafiti), na ndani ya kila kisanduku, mhusika huyo alibadilika lini na kwa namna gani. Kisha wakarudi nyuma kutoka kwenye mabadiliko, wakichora mishale: nini kilimsukuma nani? Mishale mingine ilitoka kwenye utafiti. Mingine ilitoka kwenye uchaguzi, kuanguka kwa KCC, vyombo vya habari, au tabia ya mtu mmoja mwenye cheo. Baadaye wakaenda nje ya chumba kuthibitisha kwa usaili na nyaraka.

Mara ya pili walikuja wachumi, na kazi yao ikachapishwa mwaka 2010. Waliangalia gharama za kumfikishia mlaji maziwa kabla na baada ya mabadiliko, wakakadiria faida kwa wakulima, wachuuzi na walaji. Walipata takriban dola milioni 33 kwa mwaka, na kwa kipindi cha kuanzia 1997 hadi 2039, thamani ya leo (yaani faida za baadaye zikishapunguzwa thamani) ya dola milioni 230. Tarakimu hizo nazipenda, lakini ukinilazimisha kuchagua, mishale ya ukutani naiamini zaidi. Hesabu inayofika 2039 inabeba makadirio mengi mgongoni, na ukibadilisha moja tu, jibu linahama. Mshale una tarehe na mtu wa kumuuliza. Mfadhili wako, bila shaka, atapenda dola, kwa hiyo utahitaji vyote viwili.

Sasa tuje kwenu. Anza na kanuni yenyewe, uwaache watafiti pembeni. Chapisha ya zamani na mpya, uziweke sambamba, na uwekee rangi kila kilichobadilika, mpaka neno na nukta. Mara nyingi utakuta vitu vitatu au vinne vimebadilika na pendekezo lenu linahusu kimoja tu. Hapo tayari dai limepungua, na ni heri upunguze mwenyewe kuliko kupunguziwa na mkaguzi wa mfadhili.

Kisha tafuta rasimu. Kati ya kanuni ya zamani na Tangazo la Serikali kuna rasimu ya kwanza, ya pili, maoni ya wadau, maoni ya wanasheria, na wakati mwingine maswali ya wabunge yaliyo kwenye Hansadi. Pendekezo lenu linajitokeza kwa mara ya kwanza kwenye rasimu ipi? Kama lipo kwenye rasimu iliyoandikwa kabla hamjachapisha chochote, kazi imeisha. Mlisindikiza msafara uliokwishaondoka. Kama halipo, likaonekana wiki tatu baada ya kikao chenu na kamati ya wataalamu, una kitu cha kushika. Ushahidi mtamu kuliko wote niliowahi kuupata ulikuwa kosa. Jedwali letu moja lilikuwa na tarakimu iliyokosewa na mpiga chapa, na rasimu ya wizara ikaja na kosa lilelile, kwenye safu ileile. Tuliona aibu na tukafurahi kwa pamoja. Hakuna usaili ambao ungethibitisha vizuri zaidi kwamba walikuwa wamefungua ripoti yetu.

Usihesabu vikao. Najua kwenye fomu ya mfadhili kuna kisanduku cha idadi ya warsha na washiriki. Kijaze, ni wajibu, lakini usikichanganye na athari. Orodha ya mahudhurio inakuonyesha waliosaini posho.

Watu sasa. Hapa ndipo wengi tunaharibu. Mtafiti anamwendea afisa akiwa na fulana ya mradi, anamuuliza, "Je, utafiti wetu ulikusaidia?" Afisa ni mstaarabu, amelelewa vizuri, atajibu ndiyo. Mngeuliza hata kama kalenda yenu ilimsaidia, angesema ndiyo. Ikiwezekana tuma mtu asiye wa kituo chenu. Na swali la kwanza lisitaje utafiti wala kituo: "Nieleze uamuzi huu ulianzaje." Kaa kimya, sikiliza. Uliza walikuwa wakibishania nini ndani, nani alipinga, nini kilimlainisha, na kitu gani kingekwamisha jambo lote. Ukifika mwisho wa saa nzima bila yeye kuwataja, hapo ndipo unaweza kuuliza kama aliwahi kuona takwimu za soko la mbegu, na alizipata wapi. Pengine atataja tarakimu yenu bila kujua ni yenu, kwa sababu ilimfikia kupitia lile shirika jingine. Hilo si baya. Ndivyo utafiti unavyotembea: ukishatoka mkononi mwako unabebwa na wengine, na aliyebeba naye ana haki ya kusema alibeba.

Wapinzani uwatembelee mapema, kabla hujajijengea hadithi kichwani. Kwenye mbegu nadhani unawajua: wenye makampuni ambao mkulima mdogo akiruhusiwa kuuza, wao wanapoteza wateja, na baadhi ya wataalamu wanaohofia mbegu feki, hofu ambayo haina ubaya wowote. Mtu aliyeshindwa hana sababu ya kukupamba. Akikuambia, "Tulikuwa tumeshamaliza, mpaka walipoleta ile ripoti ya maabara," umepata dhahabu. Akikuambia kwamba utafiti haukuwa na uzito wowote na kilichoamua ni simu kutoka juu, andika hivyo pia.

Mimi hujiwekea kanuni moja: dai lolote la mchango liwe na karatasi moja yenye tarehe, pamoja na watu wawili wasio na maslahi kwetu na ambao hawakukaa pamoja kupanga majibu. Likipungukiwa, linabaki kwenye daftari langu, haliendi kwenye ripoti.

Halafu shuka shambani. Nenda kwenye maduka ya pembejeo ya wilaya mbili tatu ambazo si za mradi wenu (za mradi wenu zimeshajua majibu), ongea na mkaguzi, ongea na kikundi cha wazalishaji wa mbegu. Uliza bila kutaja kanuni: mwaka huu umeuza wapi, umezuiwa na nani, umelipa nini, kuna risiti? Kama mwenye kikundi bado anasafirisha mifuko usiku kwa kuogopa kukamatwa, basi kanuni imebadilika Dodoma tu. Hilo nalo ni matokeo ya tathmini, na pengine ndilo lenye faida kuliko yote, kwa sababu linaiambia wizara mahali pa kusukuma.

Hesabu ya fedha fanya baada ya hayo yote. Nikuonyeshe kwa mfano wa kubuni kwa nini swali la "lini" ni muhimu hivyo. Tuseme kanuni mpya inawapa wakulima na wanunuzi wa mbegu faida halisi ya shilingi bilioni 2 kila mwaka, na fedha za baadaye tunazipunguza thamani kwa asilimia 10 kwa mwaka. Ukidai kwamba bila ninyi isingekuja kamwe, thamani ya leo ya faida yote ni bilioni 20. Ukikubali kwamba ingekuja yenyewe miaka 3 baadaye, mnachoweza kudai ni faida ya ile miaka 3 peke yake, takriban bilioni 5. Ingekuja baada ya mwaka 1? Bilioni 1.8. Baada ya miaka 5? Bilioni 7.6. Faida ya mkulima haijabadilika hata senti, lakini jibu limetoka 20 hadi chini ya 2 kwa sababu tu ya unavyoifikiria dunia ya bila ninyi.

James Ryan, mchumi wa Australia aliyetathmini mwaka 1999 utafiti wa IFPRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa sera za chakula, kuhusu sera ya mchele Vietnam, alikabili jambo hilihili. Serikali ya kule ilikuwa imeshaanza safari ya kufungua uchumi, kwa hiyo kudai kwamba watafiti ndio walioilegeza biashara ya mchele kungechekesha. Akalichukulia swali kama la muda: uamuzi ulisogezwa mbele kwa kiasi gani? Hata kwa miezi tu, faida ilikuwa kubwa, kwa sababu nchi inayouza mchele mwingi hivyo nje hupata au hukosa fedha nyingi ndani ya msimu mmoja. Kudai kidogo hakukumaanisha kuambulia kidogo. Bosi wako anaweza kuhitaji kusikia hilo.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kugawana asilimia: sisi 30, wale 40, wizara 30. Siipendi njia hiyo. Ukiwauliza 30 imetoka wapi, wanaangaliana. Afadhali utoe masafa ya miaka, useme kwa nini unadhani ni kati ya 1 na 3 na si 5, na umwachie msomaji abishane na sababu zako. Kwenye upande wa gharama usiwe mchoyo. Weka mishahara na magari, weka gharama ya serikali ya kusimamia kanuni mpya, na weka sehemu ya ule utafiti wenu mwingine ambao haukufika popote. Kila kituo kina tafiti kumi zilizokufa kwa moja iliyozaa, na hiyo moja haijajilea yenyewe.

Kuna jambo hujaniuliza, nalo linanisumbua kila ninaposoma ripoti za athari. Sote tunachukulia kwamba utafiti ukiigusa sera, basi ni heri. Septemba 2012 watafiti wa Ufaransa wakiongozwa na Gilles-Éric Séralini walichapisha makala iliyodai kwamba panya waliolishwa mahindi yaliyobadilishwa vinasaba walipata uvimbe. Novemba mwaka huohuo baraza la mawaziri la Kenya likapiga marufuku kuingiza vyakula vya aina hiyo, na makala ile ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Novemba 2013 jarida lenyewe likaiondoa makala, baada ya wanasayansi wengi kuukosoa ukubwa wa sampuli na aina ya panya waliotumika. Marufuku ikaendelea hadi Oktoba 2022. Sasa chukua vipimo tunavyovipenda: utafiti ulifika ngazi ya juu kabisa ya serikali, ndani ya miezi miwili, na athari yake ikadumu karibu miaka 10 hata baada ya ushahidi wenyewe kuondolewa. Ungepata alama za juu. Sisemi hapa kama mahindi hayo ni mazuri au mabaya. Nasema kipimo cha ushawishi hakijui tofauti. Kwa hiyo kwenye ripoti yako weka sehemu fupi inayouliza kama ushahidi wenu ungali umesimama. Sampuli ilitosha? Mmerudia? Kuna mtu amejaribu kuubomoa akashindwa? Na nani ameumia kwa kanuni mpya? Kwenye maziwa mtu angeweza kuuliza kuhusu magonjwa. Kwenye mbegu, kuhusu mkulima aliyenunua mbegu isiyoota kutoka kwa jirani aliyeruhusiwa kuuza. Hasara hizo zina haki ya kuingia kwenye hesabu sawa na faida.

Muda pia. SDP ilianza 1997 na mabadiliko yakaja 2004, miaka 7, na kati yake serikali nzima ilibadilika. Ninyi mmefanya miaka mitano. Kama mfadhili anawapima kwa mradi wa miaka mitatu mitatu, anapima mimba ya mwezi wa tano na kuuliza mtoto yuko wapi. Mweleze kwa adabu, lakini mweleze. Pendekeza kipimo cha kati: je, maneno yetu yameingia kwenye rasimu? Je, afisa anayehusika anatumia tarakimu zetu bila kutuuliza? Je, wapinzani wamebadili hoja, kutoka "hamna takwimu" hadi "takwimu zenu haziko sawa"? Mtu akifika hatua ya kuchambua jedwali lako ameshakukubali kama mtu wa kubishana naye.

Kuhusu lile shirika jingine, ushauri wangu ni uwapigie simu, mfanye tathmini pamoja. Mtapunguza gharama, maafisa hawatasumbuliwa mara mbili, na hadithi mbili zinazogongana zitalazimika kukaa meza moja. Watakataa? Inawezekana, hasa kama ripoti yao imeshatumwa. Basi wataje kwenye yako, kwa haki. Wao walibeba, ninyi mlipima. Sentensi ya ripoti naiona hivi, nawe utairekebisha kulingana na utakachokikuta: "Kifungu cha uuzaji kilirekebishwa baada ya takwimu za kituo kuwasilishwa kwenye kamati ya wataalamu na kutumiwa na mashirika mengine katika utetezi; wahusika wawili wasio wa kituo, mmoja wao aliyekuwa akipinga, wanakadiria kwamba bila takwimu hizo marekebisho yangechelewa kwa mwaka 1 hadi 3; katika wilaya tulizotembelea nje ya eneo la mradi, kifungu kinafuatwa kwa sehemu." Ni ndefu na haina shamrashamra. Mfadhili mwenye akili ataisoma mara mbili. Bosi wako ataguna kwanza. Mwonyeshe zile bilioni 5.

Na yule mkurugenzi aliyestaafu, usimwache mwisho. Ndiye pekee anayekumbuka vikao ambavyo havikuandikiwa muhtasari, na sasa hana cheo cha kulinda wala bajeti ya kuomba, kwa hiyo atasema asichokisema ofisini. Mtafute kabla hata ya zile rasimu. Nenda nyumbani kwake, asubuhi, peke yako, bila kinasa sauti kwa mara ya kwanza, na umuulize tu jinsi jambo lilivyoanza.